Mguu ni wa Mama

Nyeri,
Jumapili

Kaka Huseni,

Salamu nyingi. Huku baridi ya Julai haijatuachia, nguo hazikauki, na mimi nimechoka. Tunajiandaa kwa mashindano ya sayansi, na kila mradi wa mwanafunzi lazima niukague kwanza, nihakikishe haumdhuru mtu, ndipo nitie sahihi.

Juzi nilikataa mradi mzuri kuliko yote. Wangeci, msichana wa kutoka Endarasha, alikuwa akijaribu dawa ya mizizi ya kushusha sukari mwilini. Alimtilia nyanya yake kwenye uji bila kumwambia.

"Mbona hukumwuliza?"

"Mwalimu, ningemwuliza angekataa."

"Basi ndiyo maana ulipaswa kumwuliza."

Alilia sana. Mwalimu mkuu naye amenuna, ati nimeinyima shule kikombe.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama akikunja nguo za kwenda nazo hospitali. Alijua Jumatano anaenda kusafishwa kidonda tu, kama wewe na mimi tulivyokubaliana tumwambie. Nilishindwa, kaka. Nikamwambia kwamba mguu utakatwa.

Aliweka chini nguo aliyokuwa akiikunja, akauliza, "Huseni anajua?"

"Anajua, Mama."

Akageukia ukutani. Mpaka sasa hajasema ndiyo wala la. Tafadhali usimpigie simu kumshawishi. Njoo ukae naye, umweleze yote aliyosema daktari, na akikataa, tumsikie.

Ni mimi dada yako,
Zuena