Mkasi Nimeukalia, Mama Zuhura

Mama Zuhura mwenzangu,

Shikamoo. Naanza na hiyo usije ukasema tena sina adabu, maana ile miaka mitatu uliyonizidi ulikuwa unanikumbusha kila asubuhi pale getini.

Nakuandikia saa nne, chai imeshaingia, niko kwenye meza ya kukatia, naandika kwenye karatasi ile ya kuchorea suruali za wanafunzi. Mwandiko usiucheke. Niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne nilikuwa naongea kuliko kuandika. Mkasi mkubwa nimeukalia. Kwa nini nimeukalia nitakwambia, ila niache kwanza nikupashe, maana tangu uondoke nina habari zimenijaa mpaka kooni na hakuna wa kumpa vizuri.

Bosi amepaka geti rangi ya bluu, halafu kaliegemea kabla halijakauka. Fundi wa mashine ya vifungo amemrudia yule mke wake wa kwanza, na sasa anatembea kimya kama paka aliyeiba. Kwetu Mgeta mvua imewahi, kabichi zimekuwa kubwa, malori yanashuka yamejaa mpaka yanalalamika. Cherehani yako kapewa binti mmoja wa Kihonda, mtoto ana haraka, sindano tatu kavunja wiki moja. Nilitaka kumgombeza nikashindwa. Kila nikimwangalia pale naona mgongo sio wako.

Arobaini yako ilikwenda vizuri. Pilau ilizidi chumvi. Nakwambia kwa sababu najua ungeuliza, na aliyepika ni wifi yako yule.

Na Zuhura anaolewa Jumamosi. Wakwe wameomba siku isisogezwe tena. Hakuna ngoma, ni watu wachache tu na ubani. Sasa hapo ndipo kwenye shida yangu.

Unakumbuka ulivyokuja kutoka Kisaki na ule mzigo wa ukindu kichwani, siku yako ya kwanza ya kazi? Tukakucheka. Tukasema huyu kaja kiwandani au kaja gulioni. Enzi hizo kiwanda bado cha ushirika, chai saa nne, nusu saa, sisi tunakunywa na kusinzia. Wewe ukakaa chini kwenye baraza, ukachana ukindu, ukaanza kusuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka. Nikakuuliza kama huchoki, tangu asubuhi mikono iko kwenye cherehani na mapumziko unaipa tena kazi. Ukaniambia, "Asubuhi yote mikono hii ni ya suruali za watu. Hii nusu saa ni ya mikono yangu."

Mimi mtu wa milimani, mkeka tunanunua. Ukanifundisha. Ukili wangu wa kwanza ulipinda kama njia ya kupanda Mgeta, ukasema huu tumfungie mbuzi. Lakini nikajua. Mwenzetu Sikitu naye akajua, na mafundi wengine, mpaka baraza lote likawa linasuka. Na ukaleta ile desturi, kwamba mwenzetu akiozesha binti, kila mmoja anasuka pima zake saa nne ya chai, tunaziunga, tunashona mkeka, bibi harusi anaondoka na mikono yetu sote. Mikeka sita tumetoa. Watu wa nje walikuwa hawaamini imesukwa na mafundi cherehani.

Na ukweli nikwambie, nusu saa ile ndiyo ilikuwa inanifikisha jioni. Nikirudi kwenye cherehani kichwa chepesi, mshono unanyooka wenyewe. Na umbea wa pale barazani ulikuwa mtamu kwa sababu macho yapo kwenye ukindu, mtu anasema mpaka la moyoni bila kuangaliwa usoni.

Halafu mambo ya biashara yakafunguliwa, kiwanda kikauzwa, akaja Bosi. Kijana wa watu, hana ubaya. Akatukusanya, akasema anataka tufurahi, tuseme kitu kimoja atuletee bwaloni. Watu wanajikuna, wanatazamana. Nani alinyanyua mkono? Mimi. Nikasema tivii. Karakana ya jirani walikuwa nayo, wanatusimulia mpaka mate yanatutoka, nikaona na sisi ni watu. Ukaniangalia tu. Jicho lako lile nilikuwa naliogopa, lakini siku ile sikuogopa.

Ikaletwa, ikafungiwa kwenye kizimba cha nondo na kufuli, kama kuku anayewindwa na wezi. Wiki ya kwanza tulitazama mpaka matangazo ya sabuni. Ikaanza ile tamthilia ya wazungu, saa nne kamili. Lugha hakuna anayeijua. Nikaanza kuwatafsiria. Mama Zuhura, sijui hata neno moja, nilikuwa natunga. Yule mwenye nywele nyekundu nikasema ni mke mdogo, yule mzee nikasema kaficha hati ya nyumba. Watu wananisogezea viti, wananipa mandazi, wananiuliza, "Mama Deo, kasemaje hapo?" Nikavimba. Ukindu ukakauka kwenye kapu. Mkeka wa Zuhura ndiyo kwanza ulikuwa umeanza, kila mtu akasema atamalizia kesho.

Ukabaki peke yako. Ukakaa kwenye kiti kile cha mwisho barazani, mgongo kwenye tivii, unasuka.

Sasa nasema lile ambalo sijalisema. Mimi, ambaye mimba ya mtu naijua kabla ya mumewe, hili nimelifungia.

Ilikuwa Jumanne. Ulikuja ukasimama ubavuni kwangu, ukasema, "Mama Deo, hebu nishike huu mkono. Naona kama sio wangu." Ulikuwa unanyoosha ule wa kushoto. Na mimi nilisema, "Ngoja, yule mwanamke anafungua mlango." Ndivyo nilivyosema. Sikugeuza hata shingo. Nilidhani ni ganzi tu ya kukaa. Nilidhani una baridi. Sijui nilidhani nini, mimi nilikuwa nautazama mlango. Ukarudi kwenye kiti chako. Ukasuka mpaka kengele.

Alhamisi ukaanguka bombani. Daktari akasema kiharusi, akasema mara nyingine mwili unaanza kusema mapema. Akauliza kama kuna mtu ulimlalamikia. Zuhura akasema hakuna. Nilikuwa nimesimama pale pale, Mama Zuhura. Mdomo huu.

Baada ya arobaini tukarudi barazani. Sikitu ndiye alianza, akamwaga ukindu, akasema mwenzetu hawezi kuozesha bila mkeka. Tumesuka wiki mbili, tivii inapiga kelele peke yake bwaloni. Jana tukaunga, na kapu lako nikalifungua mimi. Pima zako za kwanza zimenyooka kama kawaida yako, ukipitisha kidole husikii kitu. Halafu mwishoni, kama urefu wa mkono mmoja hivi, ukili umelegea. Chane zimerukana. Upande wa kushoto unapwaya, wa kulia umebana, unapinda, unapinda. Nikajua ni ya Jumanne. Nikaishika, nikaifuata kwa kidole mpaka mwisho. Mkono wako ulikuwa umeshasema, umeandika kabisa, na kama ningekuwa nimekaa ubavuni kwako kama zamani, ningeona. Ningesema wewe, una nini leo, mbona unasuka kama mimi.

Zuhura alifika tumeshaunga. Akapitisha kidole pale palipopinda, akauliza nani huyu. Na Sikitu akacheka, akasema, "Nani mwingine? Hiyo ni njia ya kwenda kwao Mgeta." Wakacheka wote. Zuhura akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akaniuliza, "Mama mdogo, ni wewe?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Nilidhani nakustiri, watu wasiseme mkono wa Mama Zuhura uliharibu mwishoni. Nimelala nalo nikaona hapana, nilijistiri mwenyewe. Maana nikisema ni wako ataniuliza ilikuwaje, alikuwa anaumwa, mliona? Na mimi nina jibu.

Sasa sikia balaa lenyewe. Zuhura kasema, kwa upole kabisa, mtoto umemlea, kasema, "Mama mdogo usikasirike, nitakata hapo kwako kidogo, ili pa mama paungane na pa Sikitu vizuri." Anakuja leo saa nne hii hii tukate, tushone, keshokutwa Jumamosi. Anataka kutupa kitu cha mwisho ulichokifanya duniani akidhani anatupa changu. Na mimi nikinyamaza kinaondoka, kinafagiliwa na vipande vya khaki.

Ndiyo maana mkasi nimeukalia. Kuna mikasi midogo mitatu, nimeificha kwenye kapu lako, chini ya ukindu. Binti wa Kihonda anazunguka anaitafuta, namwambia hata mimi sijaiona. Unacheka? Cheka. 

Naogopa macho yake. Ananiita mama mdogo. Mimi ndiye niliyemfunga kanga siku ya kukuzika. Akishajua, labda Jumamosi hatanitaka hata mlangoni, na haki yake. Nilifikiri nimwambie baada ya harusi, asiharibikiwe furaha. Nikaona hilo nalo ni lile lile la ngoja, mlango unafunguliwa.

Basi nakuahidi, mwenzangu. Namwambia leo, kabla ya kushona, kwa maneno yale yale, ya kwako na ya kwangu, sipambi hata kidogo, na unajua kwangu kutopamba ni kazi gani. Namshika mkono wake, naupitisha pale palipopinda, namwambia hapa ni mama yako, Jumanne. Atakachosema nitakipokea. Na saa nne yangu haitaenda tena bwaloni. Akinifukuza, nitakaa barazani peke yangu nisuke, mgongo kwenye tivii, kiti chako.

Pumzika na mikono yako yote miwili. Nikija siku yangu, nitakuamkia kwanza, kabla ya umbea.

Geti la bluu limelia. Ni yeye, kavaa ile kanga yako ya kijani. Nasimama. Mkasi naubakiza kwenye kiti.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Deo