Siku Soko Lilipoacha Kupima

Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Salamu zangu zikufikie huko uliko mbali. Hujambo? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Unakula chakula cha maana, au bado unashindia mkate na chai? Mimi nipo, ila kuwapo kwangu siku hizi kuna vituo vingi: naandika mistari mitatu, napumzika. Daktari anasema moyo umechoka. Nilimjibu kwamba moyo uliofundisha hesabu miaka arobaini una haki ya kuchoka.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Unasema umeacha uhandisi wa maji ukiwa umebakiza mwaka mmoja, na chuo kimekushikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi huu tu. Kisha ukaandika: “Baba aliyezikwa na watu wanane ameniachia nini cha kuniamsha asubuhi?”

Mwanangu, hao watu wanane niliwatunga mimi.

Sijui njia nzuri ya kukiri, kwa hiyo nasema tu kama ilivyokuwa. Mdogo wangu, baba yako, alipofariki nilikaa siku nne bila kukupigia simu. Niliona aibu. Nilijiambia atasindikizwa na walevi wenzake, na kwamba heri usiyaone hayo. Ulipouliza kwa nini sikukuita, nikatia kiraka cha uongo: tulikuwa wachache, wanane tu, hukukosa kitu. Ulikosa, Chiriku. Na aliyekukosesha ni mimi shangazi yako.

Asubuhi ya mazishi nilikatiza sokoni. Pale kelele huanza kabla ya jua, wewe unajua. Siku hiyo kulikuwa kimya. Wauzaji wamekaa nyuma ya bidhaa zao, na kwenye kila meza, kuanzia samaki mpaka misumari, sahani za mizani zimefunikwa kifudifudi. Nilidhani wamegoma. Nikamuuliza yule mama muuza vitunguu, ambaye hajawahi kukosa neno.

“Leo hatupimi, Mwalimu,” akasema. “Sawasawa anazikwa.”

Unakumbuka walivyomwita baba yako. Alikuwa fundi mizani wa soko zima, na watani wakaongeza kwamba kilichomshinda kuweka sawa ni miguu yake mwenyewe. Mama wa vitunguu aliniambia, akicheka na kufuta machozi kwa upindo wa kanga, kwamba kwa miaka ishirini mdogo wangu alimnyima utajiri: kila alipojaribu kupunja robo, mizani ilimshtaki mbele ya wateja.

Nilianza kuwahesabu waombolezaji kama ninavyohesabu wanafunzi. Nilipofika mia tatu nikapotea. Walevi nao walikuja, Chiriku. Walikuja wameoga, mashati yamefungwa mpaka shingoni. Ndio waliochimba kaburi, na hakuna aliyeyumba.

Kisha muuguzi mkuu wa kliniki akanivuta pembeni. Aliniuliza kama najua baba yako alikuwa akifanya nini pale kila Jumatatu. Sikujua. Alikuwa akikagua mizani ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, ambao gramu hamsini kwao ni habari kubwa. Alifika hajaonja pombe, na kwa mlevi wa miaka mingi hiyo ndiyo saa mbaya: mikono ilimtetemeka kama jani, jasho likimtoka. Basi alitoa mfukoni ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaufunga mkono wake kwenye ukingo wa meza ili utulie, akaanza kukaza skrubu zile ndogo. Mara nyingine kazi ya dakika kumi ilichukua saa nzima.

Muuguzi alimwonea huruma. Siku moja akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akinywa funda moja tu mkono utatulia, na yeye hatamsema kwa mtu. Baba yako akamjibu:

“Mkono utatulia, dada. Jicho ndilo litakalosema uongo.”

Nimesoma vitabu vingi. Sijakutana na nguvu ya namna ile, na ilikuwa ikipita mlangoni pangu kila wiki, mimi nikidhani ni mzembe anayechelewa kufika sokoni.

Simfanyi malaika. Aliuza godoro lako ukiwa na mtihani. Aliapa kuacha mara nyingi, na pombe ikamshinda mpaka ikamuua. Hasira yako ni halali, sikuombi uimeze. Nakuomba tu uwe na habari zote.

Mimi nilikuwa nimekwisha kukaa kitako kusubiri kufa. Baada ya siku ile niliona haya kulala. Sasa kila Jumamosi nashushwa ngazi na muuza rangi, naketi sokoni kuwafundisha akina mama kugawanya. Yule wa vitunguu ndiye mbishi kupita wote. Anadai hesabu zangu ndizo zenye makosa.

Najua sina tena haki ya kuaminiwa. Nyuma ya karatasi hii nimeandika namba za simu za muuguzi na za mama wa vitunguu. Waulize wao.

Nisalimie mjomba wako na mkewe, na wale mapacha wao watundu. Huku bibi yako mdogo anakusalimu sana, na muuza rangi pia. Mungu akufungulie kila asubuhi kwa wema wake.

Usije kuniuguza. Siku za nafasi yako zilizobaki ni chache, nenda chuoni kwanza. Hasira zako juu yangu niletee baadaye, ukinikuta.

Akupendaye, na aliyekukosea,
Shangazi yako