Bakuli la Tikiti Nililopokea Mulangoni

Saidi, mudogo wangu,

Nimemukosea muke wako Amina. Nakuambia wewe kwanza, maana yeye bado sijapata uso wa kumuambia.

Tangu tulipokuzika, Mama hatoki tena kitandani, na macho yake yamefifia. Kiangazi kilipofika, matikiti yakaiva kule kwenye muchanga wa muto Lukuga, akaanza kuomba saladi yako ya tikiti. Unajua wivu wangu. Mimi njo mukubwa, lakini mukono aliosifu siku zote ni wako. Nikasema, safari hii atakula yangu. Nikakata tikiti, nikatia ndimu, pilipili, kitunguu, na chumvi pale pale, nikaenda kuswali. Kurudi, chumvi imekamua tikiti, bakuli limejaa maji. Mama akaonja, akaniuliza:

"Sasa hii, Papa, nikule ao nikunywe?"

Amina alikuwa amemaliza eda. Akasikia Mama anaomba saladi, akaleta yake, vile ulivyomufundisha: chumvi ameifunga pembeni katika jani, iingie mwisho, mulaji akiwa tayari. Nikamupokea bakuli mulangoni, nikamuambia Mama amelala. Nikaingia peke yangu, nikatia ile chumvi, nikamulisha. Akatafuna polepole.

"Leo umeweza, mwanangu. Umemupita Saidi."

Unasikia? Kukupita wewe. Siku ile nilitembea sokoni kama bwana harusi.

Kesho yake nikamupokea Amina tena mulangoni. Ikawa desturi. Mama akaniuliza, "Amina je, ametusahau upesi hivi?" Nikamutilia kijiko kingine kinywani. Na juzi Amina naye akasema, "Shemeji, kama Mama hataki kuniona tangu mume wangu afe, niambie tu. Nitarudi kwetu Zongwe." Nikachukua bakuli, Saidi, nikafunga mulango. Sasa amefunga vitu vyake. Mashua inaondoka Jumamosi, naye atawachukua watoto wako.

Hata kaburini nakuonea wivu, sikufichi. Umeacha mutu wa kumulisha mama yako kila siku kwa ajili yako. Mimi nikifa leo... sijui.

Pumzika, mudogo wangu. Ijumaa hii, tukitoka musikitini, nitamufungulia Amina mulango mimi mwenyewe, afike mpaka kitandani. Atamulisha Mama kwa mukono wake. Na mimi nitasema mbele yao wawili kwamba saladi zote zilikuwa za Amina, na kwamba Mama hakumukataa hata siku moja.

Kaka yako,
Rashidi