Mama Mkwe Kanipa Udaktari, Sasa Hataki Kliniki

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana yamenifika shingoni. Mimi ni mke wa mtu, na mwaka huu nilimaliza kozi fupi ya usaidizi wa wagonjwa, ile ya kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, kupima joto na presha, nikapata kazi wodini, nikafurahi, ila siku niliyorudi na sare mama mkwe alipiga vigelegele mtaa mzima ukasikia, "Mkwe wangu daktari!", na mimi kwa kuona haya na, nisikufiche, kwa utamu wa kuitwa hivyo, nikanyamaza. Sasa nikitoka kazini nakuta watu wamejaa sebuleni, huyu kikohozi, yule kidonda, jirani ananifunulia mgongo hata viatu sijavua. Hayo ningevumilia. Balaa ni kwamba mama mkwe mwenyewe ana presha, ameacha kwenda kliniki, vidonge vimemwishia, na kila asubuhi ananyoosha mkono nimpime, nikimwambia, "Mama, imepanda sana, twende hospitali," anashusha mkono wa gauni na kusema, "Si umeshanipima, mwanangu? Basi nimeshatibiwa. Nikapange foleni ya nini, na daktari ninaye ndani?" Mume wangu naye anasema nisimwaibishe mama yake. Nifanyeje?

Daktari wa Sebuleni

Pole, lakini acha kwanza nikugombeze. Kilemba cha ukoka ulivikwa, ukatulia kikae vizuri. Kozi yako ina kasoro gani hata uazime cheo cha mwingine? Bila watu kama wewe, wagonjwa wodini wangelala kwenye mashuka machafu. Na huyo mumeo, jamani! Anaogopa mama aaibike, haogopi mama aanguke?

Haya, nisikilize. Leo hii mama akinyoosha mkono, usimpime. Ushike huohuo, mumeo ashike wa pili, mwende hospitali. Mbele ya daktari sema kwa sauti, naye asikie: "Mimi ni msaidizi wa wagonjwa. Huyu mama mkwe wangu ameacha dawa." Mkirudi, wale wa sebuleni waambie hivyohivyo, mlangoni, kabla hawajafunua migongo.

Atanuna, tena sana. Mwache anune. Anayenuna anaoga mwenyewe. Aliyepigwa na kiharusi anavyoogeshwa, wewe unajua kuliko mimi.