Tabora Inakatala Kuanguka

Musonoi, tarehe 3 mars 2024

Shemeki Kazadi,

Jambo sana. Mi niko muzima, ni kifua tu inanisumbua juu ya vumbi ya mine, ule mugodi. Siku mvua inakosa, tunaikula pamoja na bukari, ugali yetu. Weye na dada yangu Henriette, muke yako, muko namna gani? Ule mukono wako wenye kuvimba unapona? Naona angali yeye njo anakuandikia barua. Mwandiko yake inapita yako, usikasirike.

Tuje ku vita. Karte, ile ramani ya Tabora, iko mbele yangu, juu ya ule mulango wa zamani nililaza juu ya mapipa mbili. Tangu mwalimu Badibanga alitufundisha huu muchezo ku collège, miaka makumi ine na moja, hakuna vita ilinichokesha sawa hii ya Tabora. Ile ya kweli, mwaka 1916, askari ba Congo baliingia Tabora tarehe kumi na tisa septembre. Babu yangu alikuwa kati yabo, alibeba masanduku ya risasi. Njo maana nilichagua jeshi yabo, ba-écrou makumi tatu, nati za chuma, kila moja ni askari. Weye uko na Bajermani, na ile boulon moja, bolti unaita kanoni, juu ya kilima ya Itaga.

Leo nasukuma kundi ya tano mu carré D7 ya karte. Kanoni yako inanipiga kama dé, ile dadu unatupa, inatoka sita, namba ingine hapana. Mara ine ya mwisho ulipata sita. Mara ine, shemeki. Ile dé uiangalie vizuri, pengine upande moja ni muzito.

Barua hii nampatia Stany wa train, atakuletea.

Shemeki yako,
Mukalay


Mutshatsha, tarehe 19 mars 2024

Shemeki Mukalay,

Pokea salamu yetu. Siye tuko bazima, muhogo inaota, na batu ba makala bamejaa ku gare ya train mpaka njia ya kupita hakuna. Mukono ingali inauma kidogo. Kwa kifua, kunywa maziwa na uache kubishana na daktari.

Henriette alinisomea barua yako mara mbili. Ilikuwa fupi, si kawaida yako. Kwa hiyo kundi yako iko mu D7? Masikini. Nilitupa dé asubui, mbele ya chai, na ikatoka sita. Nilicheka mpaka kuku zikakimbia. Uondoe ba-écrou tano. Kama Bajermani bangalikuwa na miye ile mwaka, babu yako angalirudia na masanduku yake.

Lakini mbona hauseme kitu juu ya hizi sita zangu? Zamani ungalinung'unika kurasa nzima. Ao umeshazeeka?

Shemeki yako,
Kazadi

Mushahidi: Henriette


Musonoi, tarehe 2 avril 2024

Kazadi,

Leo siulize afya.

Unaniuliza mbona sisemi kitu. Nilikuandikia wazi, kwa bic nyeusi: mara ine. Sasa ni tano. Kumbe unasoma vizuri, na unanicheka mu macho.

Sheria yetu ni moja tu. Kila mutu anatupa dé kwake, na anaandika yenye imetoka. Telefone hapana, photo hapana, ni neno ya mutu. Kwa ile sheria nilishinda na nilishindwa miaka yote, na sikupoteza usingizi. Leo dunia nzima inajua kama Tabora ilianguka, ni kwa Kazadi peke yake inakatala. Na dada yangu, damu yangu, anatia jina yake chini ya uongo.

Mwaka kampuni ya mine ilikufukuza juu ya rouleau ya cable ya mukuba, waya ya shaba, yenye ilipotea mu magazini, ile ghala ulilinda, nani alisimama mbele ya bakubwa akasema Kazadi hawezi kuiba? Ni miye. Cheo yangu ya chef d'équipe ilienda na ile neno, na sikukuambia hata siku moja kama iliniuma. Sasa najiuliza kama nilisema bure. Mutu mwenye kuiba sita anaiba na cable.

Weye ni mwizi. Uwe na vita yako.

Mukalay


Mutshatsha, tarehe 16 juin 2024

Yaya Mukalay, kaka yangu,

Jambo. Najua miezi mbili unangojea barua ya bwana yangu. Haitakuja. Hii ni yangu, na uisome ukiwa umekaa.

Kazadi haone. Mukono yake haikuvimba hata siku moja, ni macho. Tangu septembre ya mwaka jana anaona kivuli tu. Alinikataza kukuambia, sababu asema utaanza kumuachilia vita kwa huruma. Basi anatupa dé pa meza, ananiuliza: ngapi? Ile mara ya kwanza ya kanoni ilitoka mbili. Nilimuangalia, nikasema sita. Yaya, alicheka. Mu ile miezi yote hakukuwa mutu alicheka mu hii nyumba. Nikasema sita tena, na tena. Mu barua yako ya mars niliruka mistari yenye kulalamika, njo maana alikuuliza vile. Hakukuwa anakucheka.

Ile ya avril ilifika niko ku shamba. Ni katekista Lucien alimusomea, kwa sauti, mu lupango, pa uwanja ya nyumba, batu ba jirani bamekaa. Mwizi. Bakubwa ba kampuni balimuita vile, na siku mwizi wa kweli alipatikana, hakuna hata mumoja aliandika karatasi ya kumusafisha. Miaka makumi mbili alikuwa anategemea neno yako tu. Na weye umeichukua, juu ya boulon.

Nilimuambia ukweli ile siku. Dé aliitupa mu choo. Anakula, analala, hasemi na miye. Nilikosa, nakubali, na nilikukosea weye pia. Lakini mi nilidanganya juu ya mapenzi. Weye ulimutukana juu ya nini?

Mudogo yako,
Henriette


Musonoi, tarehe 30 juin 2024

Shemeki Kazadi,

Jambo sana, na jambo tena ya ile mara nilikunyima. Macho yako inasema nini? Daktari alikuona? Lucien akusomee hii, si ule muke. Hasira yangu juu yake ingali moto. Na juu yako pia: miaka makumi ine na moja, na unanificha macho yako sawa miye ni mugeni. Ningalikuachilia vita? Weye? Kamwe.

Mu paketi kuna dé. Ni mukuba safi, shaba tupu. Tuliichonga na fundi Papy ku atelier yake, kubwa sawa kipande ya sabuni, na kila tundu inaingia ncha ya kidole. Tulitoboa siku mbili. Ukiitupa, unagusa juu, unahesabu. Hauna lazima ya mushahidi.

Karte yangu sikuigusa tangu avril. Nasukuma kundi ya mwisho mu D8, chini ya kilima ya Itaga. Ukipata sita, jeshi yangu imekwisha, na Tabora inabakia yako. Namba ingine yote, naingia.

Ile neno ya avril uisahau.

Shemeki yako,
Mukalay


Mutshatsha, tarehe 14 juillet 2024

Shemeki Mukalay,

Jambo. Niko muzima, macho hapana. Naandika miye mwenyewe na kipande ya makala. Herufi ni kubwa, karatasi ni nyingi, uvumilie.

Neno yako siisahau. Uliiandika, sasa andika ingine ya kuifuta, na utie jina yako chini. Lucien ataisoma mu lupango, kwa ile sauti moja, mbele ya bale batu. Miaka makumi mbili nangojea karatasi ya vile. Kampuni ilininyima. Weye hautaninyima.

Na Henriette ninasema naye tangu jana.

Ameenda ku soko. Nimefunga mulango. Nimetupa dé yako. Hakuna mutu anaiona, hata miye.

Nimegusa. Tundu moja, katikati. Nimegusa tena.

Ni moja.

Ingia Tabora.

Shemeki yako,
Kazadi