Mota Imeacha Kukwama

Baba Barwaqo,

Ile krr-krr uliyoisikia gizani si panya. Ni mota yangu ya printa kuukuu, ilikuwa inatetemeka bila kuzunguka, na leo ndiyo mtihani wa ufundi!

Chapati yako ya anjera ~~jipikie, si ulinicheka jana~~ iko chini ya sahani. Usishike chuma cha kulehemu, bado ni cha moto.

Sikia: nilikuwa naifungulia kasi yote mara moja. Nikakumbuka ulivyomgombeza ndugu yako Awil kwa kumkimbiza ngamia wa mzigo kabla hajasimama sawa. Nikazungusha swichi polepole, kasi ikapanda kidogo kidogo. Wallahi, haikukwama tena! Naipeleka kwa mwalimu. Niombee dua.

Mama Barwaqo

Mtoto ameamka nikiijaribu mara ya mwisho. Ameitazama, akaniambia mimi mamake: "Hooyo, inazunguka."