Milango ya makabati ya gari

Mwenzangu, uko macho?

Unalijua lile gari la safari la mwanangu, lenye vitanda na jiko ndani. Leo yeye na mkewe walinipeleka karakana, eti nikawachagulie milango ya makabati. Nikavaa lile gauni langu zuri. Nilijua na mimi nina kitanda mle.

Nikaonyesha mlango wa mbao nyeupe, wenye komeo ninalolifikia. Mkwe akamgeukia fundi: "Huo toa. Mama akiupenda, ujue ni wa kizee. Ndiyo maana tumemleta."

Ndiyo maana tumemleta! Nimesimama hapo hapo! Na mwanangu akacheka. Mwenzangu, alicheka!

Nikauliza, "Kwani mimi nitalala wapi?"

Mkwe akasema, "Mama naye! Vitanda ni viwili. Kimoja chetu, kingine cha mizigo. Na mbwa nimwachie nani?"

Fundi, Mungu ampe heri, akanivutia kiti.

Basi mkwe akashika mlango wa kioo, mzito, hauna komeo lolote. "Na huu, mama?"

Nikakunja uso. "Huo sijaupenda hata kidogo."

Akapiga makofi. "Ndio huo!"

Fundi akasema, "Lakini barabarani utafunguka, vyombo vitawaangukia."

"Fundi, wewe pima tu!"

Mwanangu akaniinamia. "Mama, kweli ni mbaya?"

"Mbaya sana, baba," nikamwambia kwa upole.

Wakaagiza ya gari zima.